Adabu ya Mikono Mfukoni

Siku alipowaambia nyumbani kwamba amepata nafasi ya chuo kikuu nchi ya nje, walipiga vigelegele. Alipowaambia anakwenda kusomea nini, vigelegele vikakatika. Baba yake, fundi wa majokofu, alikiweka kikombe mezani. Mama akamtazama shangazi, maana katika familia ile maneno magumu ni kazi ya shangazi.

"Hebu rudia," shangazi akasema.

"Jerontolojia, shangazi. Elimu ya uzee. Watu wanazeekaje, na wakizeeka watunzwe vipi."

"Yaani uvuke mipaka miwili, ulale ugenini miaka minne, ili ufundishwe kuzeeka? Mwanangu, mbona kuzeeka kunakuja kwenyewe! Mimi hapa nimefika bila cheti."

Wakacheka wote, na yeye akacheka, kwa sababu shangazi akiamua kuchekesha huna ujanja. Lakini nia yake haikuyumba. Kuna watu huzaliwa na mkono wa kupika, kuna wenye mkono wa kushona, binti huyu alizaliwa na masikio ya kusikiliza hadithi moja mara tisa, na mara ya tisa bado akauliza, "Halafu ikawaje?" Wazee wa mtaani kwao walimpenda kwa hilo. Alikuwa akiwakata kucha na kuwasomea maandishi madogo ya kwenye chupa za dawa, na tangu utoto hakuwahi kukaa kitini huku mtu mzima amesimama. Mama yake alihakikisha hilo kwa maneno, na ikibidi kwa mwiko.

Basi akaenda. Akapewa kitanda katika bweni, kabati lisilofunga vizuri, na rundo la fomu za ofisi ya wanafunzi wa kigeni, ofisi ambayo foleni yake ilimfundisha kuzeeka kuliko mhadhara wowote. Darasani walikuwa kumi na tisa, watatu tu kutoka nje. Walisoma mifupa, kumbukumbu, usingizi na upweke. Siku moja walivalishwa glavu nene na miwani iliyopakwa mafuta ya mgando, wakatiwa punje za mahindi makavu ndani ya viatu, wakaambiwa wapande ngazi za maktaba wakanunue maji. Yeye alitumia dakika ishirini na tano, na kizibo cha chupa kikamshinda.

Mhadhiri wao, mama mfupi aliyevaa raba hata kwenye mahafali, alikuwa na maneno aliyoyarudia kila wiki mpaka wanafunzi wakawa wanayasema pamoja naye: "Ukimfanyia mzee jambo analoweza kujifanyia, hujamsaidia, umemnyang'anya." Binti aliyaandika, akayapigia mstari kwa kalamu nyekundu, na kwenye mtihani akapata alama za juu kuliko wote kwa swali la maneno hayo hayo. Nakuomba msomaji uliweke hilo akilini, kwa sababu yaliyofuata hayakutokea kwa kutojua.

Mwaka wa pili alipelekwa kwenye mafunzo ya vitendo, wiki saba, katika nyumba ya wazee. Ilikuwa nyumba ya ghorofa moja, yenye korido pana na mbao za kushikilia pande zote mbili, inayonukia sabuni na mkate uliobanikwa. Chini walikaa wale walioletwa kupata nguvu ili warudi makwao. Ghorofani walikaa wale ambao hawangerudi. Ghorofani palikuwa pazuri, pana madirisha makubwa na viti laini, na hakuna aliyewahi kukumbuka mtu akishuka kutoka huko na sanduku lake.

Asubuhi ya kwanza aliingia chumba namba tatu akiwa na begi kubwa mgongoni, kwa kuwa alikuwa ametoka moja kwa moja kwenye ile ofisi ya foleni. Juu ya kitanda alikaa mzee mrefu, mwembamba, mwenye masikio makubwa, akijifunga saa mkononi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umetoka wapi?"

Akataja nchi yake. Mzee akafikiri kidogo.

"Kwa meli, wiki sita. Kwa ndege, siku nane, kama hawajakupeleka kwingine kwanza." Akamkagua juu mpaka chini, na begi lake. "Umefika bila kuchanika. Kifurushi kizuri."

Miaka thelathini na minane mzee huyo alikuwa mtu wa posta, kwanza wa kupanga barua, kisha wa kuzipeleka kwa miguu. Nyumba nzima ilimwita Mzee wa Posta. Na kuanzia asubuhi ile nyumba nzima ilimwita binti Kifurushi, hata muuguzi mkuu, Sista, mwanamke asiyekuwa na desturi ya utani.

Mzee wa Posta alikuwa amevunjika nyonga alipopanda kigoda kubadilisha taa. Hospitali wakamuunga, wakamleta hapo kwa miezi mitatu. Miezi ikikaribia kuisha, jopo lingekaa na kuamua: arudi kwenye vyumba vyake viwili, ghorofa ya pili, jengo lisilo na lifti, au apelekwe kule juu kwenye madirisha makubwa. Kifurushi alipomkuta, mwezi mmoja ulikuwa umeshapita.

"Nyumbani kuna nini, babu?" alimuuliza siku ya pili.

"Hakuna kitu. Mke wangu alishafariki, watoto wako mbali. Kuna redio, kuna vyungu vitatu vya nyanya kwenye kibaraza, basi." Kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyeshalifikiria jambo mara nyingi: "Nataka niamke asubuhi nikasirike peke yangu, bila mtu kuniuliza nina nini. Nikipandishwa huko juu, Kifurushi, nimekwisha. Siwalaumu walioko huko. Ila mimi nimekwisha."

Kifurushi alitoka chumbani humo ameapa moyoni kwamba mzee huyu atarudi kwake. Na ili arudi, aliamua kumtunza kama mboni ya jicho.

Alimtunza kweli. Alifika saa moja asubuhi, wakati wenzake wa bweni bado wanageuka upande wa pili wa mto. Mzee akinyoosha mkono kuchukua shati, shati lilikuwa limeshachukuliwa. Akianza kutafuta tundu la kifungo cha kwanza, Kifurushi alikuwa ameshafika cha nne. Soksi alivalishwa, chai aliletewa imeshakorogwa, gazeti alifunguliwa ukurasa. Alipotaka kusimama kwenda dirishani, binti alikuwa ameshasogeza kiti chenye magurudumu, anasema, "Kaa tu babu, nitakusukuma, usijichoshe." Mzee alikaa. Akasema asante, maana naye alilelewa na watu.

Nyumba nzima ilimsifu. Bibi wa Sweta, aliyekaa koridoni na uzi wake tangu asubuhi hadi jioni, alimwambia kila aliyepita, "Mnaona? Huyo amefunzwa kwao." Kifurushi akizisikia sifa hizo moyo ulimpanda, akawa anapiga simu kwa mama kumsimulia, na mama anamsimulia shangazi, na shangazi anasema walau ada ya shule haikupotea.

Kila jioni alijaza fomu. Ilikuwa na safu tatu: peke yake, kwa msaada, hawezi. Kwa kuwa Kifurushi hakuwa mwongo, aliweka alama panapostahili. Kuvaa shati, kwa msaada. Soksi, kwa msaada. Chai, kwa msaada. Kutembea, kwa msaada. Alama zake zilikuwa nadhifu sana, zimepangana wima kwenye safu ya katikati, na hakuziona zinasema nini.

Aliyeziona ni Sista. Mwisho wa wiki ya tano alimwita ofisini, chumba chenye meza moja, mzani, na kabati la dawa, akamwekea mbele fomu mbili.

"Hii ya mwezi wa kwanza, kabla hujaja. Soma."

Kifurushi akasoma. Kuvaa shati, peke yake. Chai, peke yake. Hatua arobaini kwa fimbo, peke yake.

"Na hii ni yako. Soma."

Hakusoma. Alihisi uso unamchoma kama mtu aliyeinamia sufuria.

"Jana nimemwambia ajifunge vifungo mbele yangu," Sista akasema. Hakuwa anagomba, na afadhali angegomba. "Amejaribu viwili, vidole vikakataa. Nyonga imekakamaa. Jopo linakaa baada ya siku kumi na mbili, na afisa ustawi wa jamii akisoma karatasi hizi ataona mzee anayeshuka kila wiki. Nami nina lawama, nilisikia sifa zako nikaacha kuangalia. Lakini mzee huyu alikuja hapa ana nguvu, binti yangu, na wewe umemhudumia mpaka zimemwisha."

Watu husema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Kifurushi alifunzwa vizuri mno na mamaye, na hiyo ndiyo iliyompa ulimwengu kazi ya ziada. Alikwenda kwenye stoo ya mashuka, akafunga mlango, akalia akiwa ameegemea rafu ya mataulo. Kisha akanawa uso, akaenda chumba namba tatu.

"Babu, kwa nini hukunikataza?"

Mzee wa Posta alitazama mikono yake, ambayo ilikuwa imelala mapajani bila kazi.

"Nikukatazeje? Mtoto wa watu ametoka mbali, ananivalisha soksi kwa moyo mweupe, nimwambie toka? Mimi sikulelewa hivyo."

"Na mimi sikulelewa kumwangalia mzee akihangaika."

"Ndiyo hivyo sasa. Wote tumelelewa vizuri, na mimi ndiye ninayepandishwa ghorofani."

Walitazamana, na ingawa jambo lenyewe halikuwa la kuchekesha, mzee alianza kucheka, na Kifurushi akacheka huku machozi hayajakauka. Watu wawili wenye adabu walikuwa wamestahiana kwa wiki tano, kila mmoja akiogopa kumvunjia mwenzake heshima, na heshima hizo mbili zikakutana zikambana mzee kitini.

Mhadhiri, aliposimuliwa, hakushangaa wala hakutoa hotuba. "Kulijua jambo na kulizoea ni vitu viwili," alisema. "Mikono yako ina desturi yake. Itie mfukoni."

Ikawa ndiyo dawa. Kifurushi alivaa koti la kazi lenye mifuko mikubwa miwili, na kila asubuhi aliketi kwenye kiti karibu na dirisha, mikono mfukoni, akamtazama Mzee wa Posta akipigana na shati. Siku ya kwanza vifungo sita vilichukua dakika kumi na tisa. Kifungo cha tatu kilikuwa mkorofi: kilichungulia tundu, kikarudi, kikachungulia tena. Kifurushi alijikuta ameng'ata kola ya koti lake mwenyewe.

"Usipumue hivyo," mzee akasema bila kuinua macho. "Unanipa haraka."

"Samahani."

"Niambie jambo. Shangazi yako anasemaje siku hizi?"

Basi akamsimulia habari za shangazi, na vifungo vikaendelea. Walifanya hivyo kila asubuhi. Baada ya shati ni soksi, kwa kijiti chenye ndoano alichopewa na Sista. Baada ya soksi ni chai, kwenye jiko dogo la pamoja mwisho wa korido: kujaza birika la umeme nusu, kulibeba kwa mikono miwili, kumwaga bila kuunguza mtu. Halafu ngazi. Siku ya kwanza ngazi tatu. Siku ya nne, saba. Siku ya tano mguu ulivimba wakapumzika, na Kifurushi hakulala vizuri.

Kilichomuuma zaidi ni sifa yake. Nyumba ile ile iliyomsifu sasa ilimgeuka. Bibi wa Sweta alimwona ameegemea ukuta, mikono mfukoni, huku mzee anatetemeka na birika la maji ya moto, akaweka sindano zake chini.

"Wewe binti! Huoni mzee anahangaika? Au umeshachoka na sisi?"

"Bibi, anafanya mazoezi."

"Mazoezi! Mvivu akishasoma hukosi kusikia jina jipya la uvivu."

Wazee wenzake wawili wakaitikia kwa kichwa. Kifurushi, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuitwa mvivu wala mkosa adabu, alilimeza hilo kama dawa chungu, na mikono hakuitoa. Ilimwuma kweli. Usiku wa siku ile aliota anakata kucha za mtaa mzima.

Siku ya nane ikawa zamu ya mama. Alikuwa amepiga simu ya video mchana, akitaka kuona binti anafanya kazi mahali gani. Kifurushi akaiegemeza simu ukutani ili chumba kizima kionekane, akarudi kitini, na wakati huo huo Mzee wa Posta akaingia na sinia, vikombe viwili juu yake, anakwenda hatua kwa hatua, vikombe vikigonganagongana. Kilichoonekana upande wa pili ni binti ameketi kwenye kiti kizuri karibu na dirisha, na mzee wa miaka themanini anamletea chai.

"Weee!" Mama alipiga kelele hata simu ikakwaruza. "Simama! Simama umpokee mzee sinia! Nimekulea hivyo mimi?"

"Mama, siwezi, ni..."

"Huwezi? Umevunjika miguu?"

Mzee wa Posta aliweka sinia mezani. Chai ilikuwa imemwagika kidogo kwenye kisahani, kidogo tu. Akaomba simu.

"Mama, shikamoo sikupi, maana umri wangu unazidi. Lakini heshima nakupa. Mwanao umemlea vizuri. Umemlea vizuri mpaka adabu zake zikataka kunilaza kitandani moja kwa moja. Sasa ananilipa. Mwache akae."

Mama hakuelewa vizuri, ila mzee akisema mwache, unamwacha. Simu ilipokatika Kifurushi alichukua kikombe chake. Kunywa chai iliyopikwa na kuletwa na mtu wa umri ule ilikuwa tabu. Chai yenyewe ilikuwa tamu kupita kiasi.

"Nzuri?" mzee akauliza.

"Sukari nyingi."

"Alaa! Leo umesema kweli." Akafurahi kuliko kama angesifiwa.

Siku ya kumi na mbili jopo likakaa katika chumba cha kulia, meza zikiwa zimesogezwa ukutani. Alikuwepo Sista, daktari, mhadhiri na raba zake, na afisa ustawi, baba mmoja mpole mwenye tai na faili nene. Mzee wa Posta alikuwa amevaa shati jeupe. Kifurushi aliambiwa asimame mlangoni na ajibu akiulizwa.

Afisa ustawi alisoma fomu zote kwa sauti, bila ubaya wowote, na ndivyo ilivyokuwa mbaya. Mwezi wa kwanza, peke yake. Kisha wiki tano za "kwa msaada". Kisha siku chache za kupanda kidogo kidogo.

"Daktari, mimi napenda mtu arudi kwake," akasema. "Lakini picha ninayoiona hapa ni ya mzee anayeishiwa. Hizi siku kumi na mbili za mwisho ni njema, ila wiki tano ni wiki tano. Nadhani apande juu, apumzike."

Mzee wa Posta alishika magoti yake, na masikio yake makubwa yakaonekana makubwa zaidi.

"Naomba kusema," Kifurushi akasema kutoka mlangoni. Hakuna aliyemuuliza. Kwao, kukatiza kikao cha watu wazima ni jambo la kusimuliwa miaka mitatu.

"Sema," akasema mhadhiri.

"Hizo wiki tano si za babu. Ni zangu. Alikuwa anaweza kuvaa, mimi ndiye sikumwacha avae. Alikuwa anatembea, mimi ndiye nilimsukuma. Kila alama ya katikati ni mkono wangu. Niliona ni heshima. Kama mnataka kuandika kwamba mtu alishindwa, andikeni mwanafunzi alishindwa, na mnipe alama inayonistahili. Ila msimpandishe babu kwa kosa langu."

Daktari alitazama chini. Afisa ustawi akafunga faili, polepole.

"Basi tumwone mwenyewe," alisema.

Wakamwona. Alivua shati akalivaa tena: dakika nane. Alipika chai, akamimina vikombe vinne, akamwaga kimoja nusu, akakifuta mwenyewe. Kisha ngazi. Ngazi pekee katika nyumba ile ni zile za kwenda juu, kumi na sita, na alitakiwa apande na kushuka.

Kupanda alipanda. Aliposimama juu, wazee wa ghorofani walitoka vitini wakaja kumtazama, naye akawasalimu mmoja mmoja kama mtu aliyeleta barua. Akageuka kushuka. Anayejua nyonga iliyoungwa atakwambia kupanda ni kazi, kushuka ni hofu. Ngazi ya kwanza, ya pili, ya tano. Ngazi ya tisa mguu ukagoma. Alisimama, mkono mmoja kwenye mbao, akaitundika fimbo kwenye mbao, na bila kufikiri akaunyoosha mkono uliobaki wazi kuelekea chini, kwa Kifurushi, kama alivyozoea kwa wiki tano.

Kifurushi alikuwa chini kabisa, ngazi saba tu kati yao. Kila kitu alichofundishwa tangu anatambaa kilimwambia nenda. Mikono ilikuwa mfukoni imekunja ngumi, na machozi yanamtiririka hadharani, mbele ya mhadhiri na daktari. Bibi wa Sweta kule koridoni akasema, "Jamani, mshikeni!" Afisa ustawi akakanyaga ngazi ya kwanza.

"Baba, samahani," Kifurushi akamwambia. "Mwache. Anashuka."

Mtu mzima yule akarudisha mguu. Mzee wa Posta aliutazama mkono wake uliokuwa hewani bila kupokewa, akamtazama binti, akaurudisha mkono kwenye fimbo. Akavuta pumzi. Ngazi ya kumi. Ya kumi na moja. Alipofika chini alipita mbele yao wote bila kusimama, akaenda hadi kiti chake, akaketi, ndipo akajifuta jasho.

Jopo lilizungumza dakika ishirini. Uamuzi ukawa arudi nyumbani kwa mwezi wa majaribio, muuguzi akimtembelea mara mbili kwa wiki, na mwezi ukienda vizuri ndiyo basi, amerudi. Kifurushi naye alipata yake: alama zilipunguzwa kwa wiki tano, zikaongezwa kwa siku kumi na mbili, akabaki na daraja la wastani, la kwanza la wastani tangu aanze chuo. Alimpigia shangazi akamweleza. Shangazi akasema wastani wa kusomea uzee ni sawa tu, maana hata uzee wenyewe hakuna anayeupata kwa alama za juu.

Kabla binti hajaondoka siku ile, Mzee wa Posta alimwita pembeni.

"Pale kwenye ngazi nilikuona. Ulikuwa unalia."

"Ndiyo, babu. Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Nilipokuona unalia ndipo nilipoweza kushuka. Mtu akitia mikono mfukoni na macho makavu, huyo hana habari na wewe. Wewe ulikuwa umenishika."

Jumamosi ya pili ya majaribio Kifurushi alikwenda kumsalimia. Alipanda ngazi za lile jengo akizihesabu, thelathini na nne, zimelika katikati kwa miaka ya viatu. Akabonyeza kengele. Kutoka ndani, mbali, akasikia redio ikipunguzwa sauti, kisha kiti kikisukumwa.

Mlango wa jirani ukafunguka, akatoka mama mmoja na ufunguo mkononi.

"Unamtaka mzee? Anachelewa sana kufika mlangoni. Ninao ufunguo wake wa akiba, ngoja nikufungulie."

"Asante, mama. Usijali, yuko njiani."

"Utasimama muda mrefu."

"Najua."

Jirani akamtazama kidogo, akarudi ndani. Kifurushi akabaki peke yake mbele ya mlango, mikono mfukoni. Fimbo iligonga sakafu, ikanyamaza, ikagonga tena. Alikuwa na furaha iliyotulia ambayo hakuiona ikija, na alisimama pale akiisikiliza fimbo ikikaribia. Ikafika. Vidole vikaanza kulitafuta komeo, vikalikosa, vikalitafuta tena.

"Nani?" sauti ikauliza kwa ndani, ikihema.

"Ni mimi, babu. Sina haraka."